Kichwa cha Malkia wa Chumvi

Inspekta alivua viatu mlangoni kwa sababu zulia la chumba kile lilikuwa jeupe, akaenda kusimama mbele ya kabati la vioo akiwa na soksi tu miguuni.

Kabatini walisimama wafalme, wachawi na mashujaa, kila mmoja urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Haikuwa midoli ya kuchezea. Zilikuwa sanamu za wahusika wa filamu za falme za kubuni, zile za mazimwi na panga zinazowaka, na zilitengenezwa kwa ustadi kiasi kwamba ukiikazia macho moja unajikuta unangoja ipepese. Mishipa ilionekana mikononi. Kucha zilikuwa na uchafu wa safari. Mchawi mmoja alikuwa na chunusi inayopona pembeni mwa pua.

Sajenti, aliyeingia nyuma ya Inspekta na mkoba wa vifaa, alimtazama mchawi yule kisha akarudi nyuma kidogo. "Huyu ananitazama mimi, afande."

"Basi simama vizuri," Inspekta alisema. Alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, na aliongea na maiti, mashahidi na sajenti wake kwa sauti ile ile.

Mwenye kabati alikuwa daktari wa meno, mgane wa makamo aliyezoea kusema polepole na watu walioachama. Alhamisi jioni alipiga simu polisi akisema Malkia wa Chumvi, sanamu iliyokaa katikati ya kabati, ameibiwa kichwa. Gauni lilikuwa lake, taji lake, mikono yake; ila kichwa kilichokaa juu ya shingo kilikuwa cha bandia, kimefananishwa sana. Mtu pekee wa nje aliyeachwa chumbani peke yake wiki ile alikuwa fundi wa vioo, aliyekuja Jumatano kuweka mlango mpya wa kabati baada ya ule wa zamani kuvunjika. Fundi akakamatwa kabla jua halijazama. Nyumba yake ilipekuliwa, karakana yake ikapinduliwa juu chini, kichwa hakikuonekana. Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi, fundi alikuwa bado mahabusu, na Mkuu wa Kituo alitaka faili lifike mahakamani Jumatatu.

"Nieleze mimi sasa," Inspekta alimwambia Daktari. "Kichwa kinatokaje?"

"Kinavutwa tu. Shingoni kuna kigololi, na kichwani kuna tundu. Sisi tunaokusanya hubadilisha vichwa: kimoja kinacheka, kingine kina hasira. Ukijua pa kushika, ni kama kuvuta kifuniko cha kalamu."

"Kwa hiyo mwizi hakuhitaji kubeba sanamu."

"Hakuhitaji. Kichwa chenyewe hakizidi yai la kuku. Kinaingia mfukoni."

Sajenti aliandika hilo, akapigia mstari.

"Na hicho kilichochukuliwa kina nini ambacho hiki hakina?"

Aliyejibu ni shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vumbi begani. "Kina nywele za dada," alisema.

Akaeleza mwenyewe, maana Daktari alikuwa amegeukia dirisha. Dada yake alikuwa mtengenezaji wa mawigi. Malkia alipoletwa, dada alimwangalia, akacheka, akasema malkia gani huyu ana nywele za ufagio. Akazing'oa zote. Kisha akakata zake mwenyewe, akazipanda kwenye ngozi ile ya silikoni kwa sindano, unywele mmoja mmoja, miezi kwa miezi, huku watu wakimwambia anaharibu macho. Alipomaliza, wakusanyaji walianza kuja kutoka miji ya mbali kumwona tu Malkia na kurudi kwao. Hakukuwa na mwingine wa namna ile popote.

"Nikikipata," Inspekta alimuuliza Daktari, "utakitambuaje mbele ya mtu mbishi?"

Daktari alimsogelea, akamnong'oneza. Inspekta aliitikia kwa kichwa, akavaa glavu.

"Kioo kilivunjikaje?"

"Nilikivunja mimi, nisimsingizie mtu," shemeji alisema. "Jumanne, naning'iniza pazia. Ngazi ikaniponyoka ikagonga mlango wa kabati kwa juu. Kikamwagika chote punje punje, nyingine nje, nyingine ndani."

"Sanamu alizisafisha nani?"

"Nani azisafishe? Mimi nimepigwa marufuku kuzigusa. Nyumba imejaa wafalme na malkia, hakuna hata mmoja anayeshika ufagio, na bado mfagiaji ndiye anayekatazwa kuwakaribia. Nilifagia chini, nikaacha."

"Ni kweli," Daktari alisema. "Nilimwambia nitazisafisha mwenyewe kioo kipya kikishawekwa. Alhamisi nilipotoka kliniki nikaanza na Malkia. Nilipogusa nywele nikajua ni nailoni. Niliondoa mkono papo hapo, sijamgusa tena mpaka leo."

"Na fundi alileta kioo kizima? Hakukata kitu humu ndani?"

"Kioo cha aina hiyo hakikatwi nyumbani. Nilimtumia vipimo kwa simu, kikaja kimeshakatwa."

Inspekta alitandaza karatasi nyeupe mezani. Alimwinua Malkia, akamvua taji, akavuta kichwa. Kilitoka kwa mlio mdogo kama wa kizibo. Alikigeuza utosi ukatazama chini, akapenyeza kibano kwenye nywele na kuzitikisa taratibu. Kitu kilidondoka kwenye karatasi, kikafuatiwa na vingine. Sajenti aliinama. Zilikuwa chembe za kioo, ndogo kama mchanga mkubwa, zikimetameta.

Inspekta alichukua lenzi, akazigawa nywele kwa ncha ya kibano. Nyingine zilikuwa zimezama hadi kwenye ngozi.

"Kichwa hiki kilikuwa humu Jumanne ngazi ilipogonga mlango," alisema. "Fundi hakuijua nyumba hii mpaka Jumatano."

Shemeji aliketi kwenye mkono wa kiti bila kukusudia.

"Afande, nibishe kidogo," Sajenti alisema. "Labda fundi alikiweka Jumatano, kikaokota chembe zilizobaki rafuni."

"Zilizobaki rafuni zingenasa kwenye pindo la gauni na kwenye viatu. Hizi zilikuwa utosini, ndani ya duara la taji. Zilitoka juu." Alizikunja ndani ya karatasi, akamkabidhi. "Tia kwenye bahasha, andika mahali na saa."

Alitoka barazani kumpigia simu Mkuu wa Kituo. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Mkuu alisikiliza, akasema chembe za kioo ni hadithi nzuri lakini hakimu hatakula hadithi. "Niletee kichwa," alisema, "nami nitakufungulia mlango wa mahabusu kwa mkono wangu."

Inspekta alirudi ndani. "Kabla ya Jumanne, nani aliingia chumba hiki?"

Walikuja watu wawili tu, Jumapili alasiri. Wa kwanza alikuwa Mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji sanamu, aliyekuja kuchagua picha za kupamba maonyesho ya mwaka. Wa pili alikuwa mpiga picha wa chama, ambaye watu walimwita Jicho. Daktari aliliacha kabati wazi ili kioo kisirudishe mwanga kwenye kamera.

"Jicho ndiye wa kuuliza," shemeji alisema. "Aliondoka mbio. Chai hakuimaliza, begi amelikumbatia kama mtoto mchanga."

Inspekta alimtazama Daktari. "Maonyesho ni lini?"

"Ni leo. Yakiisha, sanamu za washindi zinafungwa kwenye masanduku zinasafirishwa kwenda mashindano ya nje ya nchi. Walishaniomba Malkia aende. Kila mwaka nakataa."

"Masanduku yanafungwa saa ngapi?"

"Alasiri."

Inspekta alikuwa tayari anavaa viatu.

*

Studio ya Jicho ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole vyembamba, na alipoona sare mlangoni alizima taa zote za kupigia picha, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunga duka.

"Najua mmekuja kwa nini," alisema. "Yule mama wa pale anafikiri nimekimbia na kitu."

"Ulikimbia," Inspekta alisema.

"Nilikimbia harusi. Bibi harusi alikuwa ameshashuka kwenye gari na mimi bado niko kwa Daktari. Mpigieni mumewe, bado hajanisamehe." Alimwaga begi lake mezani bila kuombwa: kamera, lenzi, betri, soksi moja. "Na kama ningetaka kumwibia Daktari, ningeiba kipindi chote alichonifungulia kabati. Mimi naiba kwa macho tu."

"Basi nionyeshe ulichoiba."

Jicho alifungua kompyuta. Picha za Jumapili zilikuwa nyingi. Inspekta alimtaka azipange kama zilivyopigwa, tangu alipoingia mpaka alipotoka, kisha abakize zile za uso wa Malkia tu. Walizipitia moja moja. Uso ule ule, macho yale yale ya kijivu, midomo iliyobanwa kama ya mtu anayezuia neno. Sajenti alianza kupiga miayo.

"Rudi," Inspekta alisema.

Jicho alirudi.

"Songa. Rudi tena. Kuza hapo kwenye njia ya nywele."

Jicho alikuza. Katika picha ya kwanza njia ya nywele ilikwenda upogo kidogo, na kila unywele ulikuwa na kitundu chake. Katika iliyofuata njia ilikuwa imenyooka kama ya rula, na mwanga uliteleza juu ya nywele kwa mng'ao wa uzi wa kuvulia samaki.

Jicho alijishika shavu. "Nimezitazama picha hizi wiki nzima."

"Ulikuwa unatafuta nzuri. Mimi natafuta mbaya. Kati ya hizi mbili kulitokea nini?"

"Chai. Tuliitwa mezani. Nikaacha kamera kwenye stendi yake, nikaenda. Niliporudi nikapiga chache za kuagia, ndipo simu ya harusi ikaja."

"Nani alibaki chumbani?"

Jicho aliirudia picha ile ya kwanza. "Mwenyekiti alisema tutangulie, anapokea simu."

Inspekta alitoa simu yake, akampigia shemeji. "Mama, samahani kukusumbua tena. Jumapili mlipokuwa mezani, Jicho alikuwa amekaa wapi?"

Sauti ya shemeji ilisikika chumba kizima. "Mbele yangu, akiumaliza mkate wa watu."

"Hakuinuka?"

"Angeinuka vipi, mkate ulikuwa haujaisha."

"Na Mwenyekiti?"

"Chai yake niliifunika kisahani isipoe," shemeji alisema, sasa kwa sauti nyingine. "Alikuja baadaye. Halafu, afande, huyu Mwenyekiti ndiye aliyempigia shemeji yangu Daktari Alhamisi baada ya kusikia habari. Alimwambia, mtu wa kumshika ni huyo fundi, msimwachie akapata nafasi ya kuuza."

Jicho alikuwa ameshachukua koti lake. "Nakuja nanyi," alisema. "Vichwa vyote vya Mwenyekiti nimevipiga picha mimi."

*

Walipitia mahakamani kwa hakimu wa zamu kuchukua hati ya upekuzi, wakamchukua Daktari njiani, wakafika ukumbi wa maonyesho wakati wahudumu wameanza kuburuta masanduku ya mbao kutoka stoo. Ukumbi ulikuwa umejaa. Akina baba walibeba watoto mabegani waone majoka. Akina mama wawili walibishana kama manyoya ya mbwa mwitu mmoja ni ya kweli. Katikati, kwenye jukwaa lenye utepe wa mshindi, zilipangwa sanamu za Mwenyekiti, na mwenyewe alisimama kando yazo katika suti ya rangi ya maziwa, akipeana mikono.

"Daktari, pole sana ndugu yangu," alisema, akamkumbatia. "Nimesikitika kama nimeibiwa mimi."

Inspekta alimwonyesha hati. Mwenyekiti aliisoma yote, mbele na nyuma, akatabasamu. "Fanyeni kazi yenu. Mimi nina la kuficha gani? Ila naomba haraka kidogo, gari la mizigo halisubiri."

Sajenti na askari wawili waliopigiwa simu kuja kusaidia walipekua gari lake, mifuko yake, meza yake na masanduku yaliyokuwa chini ya meza. Kwenye sanduku moja walikuta vichwa vya akiba, vimelazwa kwenye sifongo. Sajenti alimwita Inspekta kwa mkono, uso umemng'aa. Jicho alivipitia kimoja kimoja na kuvirudisha. Vyote vilikuwa vya Mwenyekiti, alivijua tangu vikiwa vipya.

Watu walianza kukusanyika. Mwenyekiti alitazama saa yake ili waone anaitazama.

"Afande, mmetafuta, hamkupata. Naomba sasa tuheshimiane. Mtu wenu mnaye mahabusu."

Wahudumu waliinua sanduku la kwanza na kulisogeza jukwaani. Inspekta alisimama mbele ya sanamu za Mwenyekiti, mikono nyuma, akaanza upande wa kushoto na kwenda taratibu kama mtu anayekagua gwaride. Mfalme kipofu. Dada wawili wenye pinde. Mganga wa mizizi. Mwishoni alisimama Askari wa Lango, amevaa deraya kuanzia miguuni hadi kidevuni, na kofia ya chuma yenye kifuniko kilichoteremshwa usoni.

"Jicho," aliita. "Hawa wengine wote wana nyuso. Huyu kwa nini amejifunika?"

Jicho alisogea. Alimtazama Askari, kisha akamtazama Mwenyekiti, kisha akamrudia Askari. "Hajawahi kujifunika," alisema. "Huyu ndiye fahari yake. Uso ule aliupaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, na kovu lile alilifanyia kazi mpaka likawa linatisha. Mwaka jana alinilazimisha nimpige picha kofia ikiwa juu, kila upande. Alisema anayefunika uso ule hana macho."

"Mwenyekiti," Inspekta alisema, "tufungulie."

"Haifunguki. Nimeigandisha kwa gundi kwa ajili ya safari. Ukilazimisha utavunja kazi ya miaka, na chama kitakushtaki wewe binafsi, si jeshi la polisi."

Mtoto mmoja begani mwa baba yake aliuliza kuna nini, akanyamazishwa.

Daktari alijitokeza kutoka nyuma ya Sajenti. Alivaa miwani yake, akachagua sindano nyembamba na kibano kwenye meza ya kurekebishia sanamu iliyokuwa kando ya jukwaa, akavijaribu ncha kwa kidole.

"Mwenyekiti anasema imegandishwa," alisema, bila kumtazama mtu. "Kazi yangu ya kila siku ni kutoa kilichogandamana bila kuumiza kilicho jirani. Naomba mwanga."

Jicho alimshikia taa. Mwenyekiti alisogea mbele, akakuta Sajenti amesimama njiani, mpana kama kabati.

Daktari alipitisha sindano kwenye ukingo wa kofia, akaizungusha, akatulia, akaizungusha tena. Gundi ilitoka kama uzi. Alishika kofia kwa vidole viwili na kuivuta juu polepole. Nywele zikamwagika. Nyeusi, ndefu, nzito, zilitoka chini ya chuma na kushuka juu ya deraya mpaka kiunoni mwa askari, na kati yazo ulikuwapo uso wa mwanamke mwenye macho ya kijivu na midomo iliyozuia neno.

Mguno ulipita ukumbini kama upepo kwenye mahindi. Daktari aliirudisha sindano mezani.

"Hiyo haithibitishi lolote," Mwenyekiti alisema. Sauti yake ilikuwa bado imevaa suti. "Nilinunua kichwa kama hicho. Vichwa vya Malkia vipo vingi, na mawigi yapo mengi."

"Vingi?"

"Vingi, afande."

"Daktari," Inspekta alisema, "asubuhi, kabla hatujaondoka kwako, ulininong'oneza jambo. Waambie hawa kabla mtu yeyote hajagusa kichwa hicho."

Daktari aliinua uso. "Nyuma ya sikio la kushoto pana unywele mmoja mweupe," alisema. "Mke wangu aliupanda siku alipoona mvi ya kwanza kichwani mwake. Alisema na Malkia azeeke naye, asije akamcheka."

Inspekta alitazama umati, akamchagua mmoja wa akina mama waliokuwa wakibishana juu ya mbwa mwitu, aliyeonekana mbishi zaidi. Akampa lenzi. Mama yule alipanda jukwaani, akainama, akasogeza nywele kwa ncha ya kibano kama alivyoelekezwa. Alikaa hapo muda mrefu kuliko watu walivyoweza kuvumilia.

"Upo," alisema. "Mmoja tu. Mweupe pe."

Mwenyekiti aliketi kwenye sanduku la mbao lililokuwa limeletwa kwa ajili ya sanamu zake. Alilegeza tai. Aliposema, alisema na Daktari peke yake.

"Mwaka baada ya mwaka nakuomba umtoe. Umemfungia chumbani na mazulia. Kule nje angeonekana na ulimwengu mzima."

"Chini ya kofia?" Jicho aliuliza.

"Kule ningeivua. Kule hakuna anayemjua Daktari."

"Alikuwa anaonekana na mimi," Daktari alisema.

Sajenti alimtia Mwenyekiti pingu na kumsomea haki zake, kwa sauti ya mtu aliyengoja nafasi ya kuzisoma mbele ya watu wengi. Mahali fulani nyuma mtu alipiga makofi, akafuatwa na jirani yake, na kabla Inspekta hajavua glavu ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makofi, na watoto mabegani mwa baba zao wakipiga kwa sababu wengine wanapiga. Mama mbishi hakutaka kurudisha lenzi. Ilibidi aombwe mara ya pili.

*

Mkuu wa Kituo alitimiza neno lake. Alikitazama kichwa ndani ya kisanduku cha ushahidi, akakitazama tena, akauliza kama kweli hakipepesi, kisha akachukua funguo na kwenda mahabusu mwenyewe.

Fundi wa vioo alitoka na ndevu zilizochipua na shati lililokunjamana, kijana wa miraba minne mwenye makovu madogo madogo kwenye vidole vyote. Aliambiwa yaliyotokea, akasikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Daktari alisimama mbele yake.

"Nilikutaja kwa sababu ulikuwa rahisi kutajwa," alisema. "Sikukuuliza hata swali moja. Nimekukosea, ndugu yangu, na naomba radhi."

"Hata mimi ningejitaja," fundi alisema. "Nilikuwa peke yangu chumbani. Ila ungeniuliza, Daktari. Ningekwambia yule malkia alinitisha, nilifanya kazi nimempa mgongo."

Sajenti alicheka, na fundi naye akacheka kidogo, lakini hakuelekea mlangoni. Alikuwa anazungusha mkanda wake aliorudishiwa, hauvai.

"Tatizo nini?" Inspekta aliuliza.

"Nitaingiaje mtaani, afande? Walinichukua na pingu, jua halijazama, kinyozi anatazama, mama mwenye nyumba anatazama, mama yangu analia barabarani. Kazi yangu ni kuingia nyumba za watu wakiwa hawapo. Nani tena atanipa funguo?"

Inspekta alimgeukia Sajenti. "Lete gari. Lile lenye alama, si la kiraia."

Fundi alikaa kiti cha mbele. Inspekta na Daktari walikaa nyuma. Walipofika mwanzo wa mtaa, Inspekta alimwambia Sajenti ashushe vioo vyote na aende mwendo wa mtu anayetembea.

"Niwashe king'ora, afande?"

"Kidogo."

King'ora kililia kifupi, kikatosha. Kinyozi alitoka na mashine mkononi, mteja wake akamfuata kichwa nusu. Milango ilifunguka. Gari lilipita mbele ya duka, mbele ya bomba la maji, mbele ya nyumba zenye madirisha aliyoyaweka fundi mwenyewe, naye akiwa mbele kama waziri, hajui pa kuweka mikono. Lilisimama mlangoni kwao. Mama yake alikuwa ameshatoka, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Inspekta alishuka, akavaa kofia yake ya sare, akasema kwa sauti ile ile ya siku zote, ila safari hii aliipandisha mpaka ikamfikia kinyozi.

"Mama, tumekurudishia mwanao. Hakuiba. Mwizi tumemkamata, na si yeye. Sisi ndio tuliokosea."

"Na mimi ndiye niliyemsingizia," Daktari alisema kando yake. "Nyumba yangu iko wazi kwake wakati wowote, niwepo nisiwepo."

Mama alimvuta mwanawe shingo, akamshika kwa nguvu, akampiga mgongoni kwa kiganja kana kwamba anamkung'uta vumbi la mahabusu. Mtu alipiga kigelegele, kikapokelewa upande wa pili wa barabara, kikazunguka mtaa mzima na kurudi.

Mama mwenye nyumba, jirani aliyekuwa ametazama siku zile mbili kupitia pazia, alipenya katikati ya watu mpaka akamfikia fundi.

"Haya, umerudi," alimwambia. "Dirisha langu la jikoni lina ufa, upepo unanizimia moto. Kesho nakwenda msibani, nitakuachia ufunguo."

"Na langu la dukani," kinyozi alisema.

"Na langu," mteja wake alisema, kichwa nusu.

"Ngojeni basi nioge," fundi alisema, na hapo ndipo alipouvaa mkanda wake.